Hadikoo: Panki Iliyobaki Mifupa

Mwaka 2002, nikiwa kidato cha pili, nilinunua fulana ya mtumba pale Mlango Mmoja, Mwanza, kwa shilingi 500. Nilikuwa nimevuka kutoka Nansio na mama, ambaye kila baada ya wiki mbili alipanda meli kwenda kufuata vitenge vya kuuza kisiwani Ukerewe. Fulana ilikuwa nyeupe, imeshaanza kupata rangi ya chai ya maziwa, haina hata herufi moja. Kifuani palikuwa na mistari minne myeusi, minene, imesimama wima, mmoja umepanda, mwingine umeshuka, kama pistoni za injini inayofanya kazi. Kule Nansio wenzangu walibishana juu ya maana yake wiki nzima. Mmoja, ambaye kaka yake alikuwa na simu ya mkononi, aliapa kwamba ni alama ya mtandao.

Nilikuja kujua miaka 11 baadaye, mbele ya kompyuta. Ni nembo ya Black Flag, bendi ya Hermosa Beach, mji mdogo wa ufukweni karibu na Los Angeles. Mchoraji ni Raymond Pettibon, ndugu wa mpiga gitaa Greg Ginn. Ile mistari ni bendera nyeusi inayopepea, iliyokatwa vipande vinne. Bendera nyeupe hupandishwa na anayesalimu amri. Hii ni ya yule aliyekataa.

Nikatafuta muziki wao nisikilize. Kwa sekunde chache za mwanzo nilidhani faili limeharibika: ngoma zinakimbia kama zinafukuzwa, gitaa linakwaruza kama msumeno juu ya bati, na juu ya vyote mtu anafoka. Wengi hufunga hapo hapo na kusema hizi ni kelele za wendawazimu. Mimi sikufunga, kwa sababu kulikuwa na kitu nilichokitambua, na imenichukua miaka mingine kadhaa kuweza kukieleza.

Muziki huo unaitwa hadikoo, na ni mtoto wa panki. Tuanze na neno panki lenyewe, maana kwetu tayari lina kazi mbili. Panki ni mkato wa nywele: pembeni zimenyolewa, katikati zimeachwa zisimame. Na kwa mtu wa Mwanza mapanki ni mifupa ya sangara. Viwanda vinakata minofu, minofu inasafirishwa kwenda Ulaya, na kichwa, uti wa mgongo na mkia vinabaki huku, vinakaangwa na kuuzwa sokoni. Nimekula mapanki utoto wangu wote na siyatukani. Nyama iliyong'ang'ania kwenye mfupa ina utamu wake.

Panki ya muziki ilizaliwa katikati ya miaka ya 1970. Wakati huo roki ilikuwa imenenepa. Ilipigwa katika viwanja vya mpira kwa vyombo vya gharama kubwa, na mpiga gitaa mmoja aliweza kujionyesha dakika kumi watu wakimtazama. Ndipo wakatokea Ramones wa New York, walioanza mwaka 1974 na kutoa albamu ya kwanza 1976, na upande wa pili wa bahari Sex Pistols wa London. Hawa walirudisha wimbo kwenye dakika mbili na mikao mitatu ya vidole kwenye gitaa. Ujumbe wao kwa kijana aliyesimama chini ya jukwaa ulikuwa kwamba hata yeye anaweza kupanda.

Lakini panki nayo haikukaa muda mrefu bila wenyewe. Kampuni za rekodi ziliichukua, zikailainisha, zikaivisha nguo nzuri na kuipeleka redioni. Kufikia mwisho wa miaka ile ya 1970, vijana wa vitongoji na miji midogo ya California, kisha Washington, Vancouver, Boston na kwingineko, walikataa hiyo iliyolainishwa. Wakaondoa nyama yote iliyokuwa imebaki: hakuna madoido, hakuna mavazi ya jukwaani, hakuna wimbo wa kumbembeleza mpenzi. Kilichobaki wakakiita hadikoo (kwa Kiingereza hardcore), yaani panki ya wale sugu. Bendi ya D.O.A. ya Vancouver iliitumia sifa hiyo kwenye jina la albamu yake ya 1981, na neno likashika. Kwa lugha ya soko la samaki la Kirumba, Mwanza, ningesema hadikoo ni mapanki ya panki.

Namna inavyotengenezwa si siri kubwa. Watu wanne: mwimbaji, gitaa, gitaa la besi, ngoma. Mpiga ngoma anapokezanisha ngoma ya mguu na ile ya mkono bila kupumzika, tu-pa, tu-pa, tu-pa, kwa kasi ambayo mtu wa kawaida hawezi kuipigia makofi. Nyimbo ni fupi mno. Minor Threat wa Washington wana wimbo wa mwaka 1981 unaoisha katika sekunde 46, na ndani yake mna beti, kiitikio na hoja kamili. Kijana wa Kitanzania ana njia rahisi ya kuielewa kasi hiyo, kwani singeli ya Manzese na Tandale inapita mapigo 200 kwa dakika na hakuna anayeuliza kwa nini. Inapigwa hivyo kwa sababu mwili wa mtu wa miaka kumi na saba unataka hivyo. Tofauti ni kwamba singeli inafanywa na mashine na kompyuta. Hadikoo inatoka kwenye mikono na vifundo vya miguu, na kwa kuwa mwili unachoka, wimbo lazima uishe.

Hapa kuna kosa linalofanywa na wengi: kudhani kasi ile ilitokana na kutojua muziki. Kwa baadhi yao ni kweli. Lakini waliopandisha kasi kuliko wote walikuwa mafundi. Bad Brains wa Washington walikuwa vijana wanne Weusi: Paul Hudson, aliyejulikana kama H.R., mdogo wake Earl kwenye ngoma, Dr. Know kwenye gitaa na Darryl Jenifer kwenye besi. Kabla ya panki walikuwa wakipiga jazi ile iliyochanganywa na roki, muziki wa vipimo vigumu. Walipougeukia muziki wa haraka, wakaupiga haraka kuliko mtu yeyote, na kwa usafi ambao bendi za watoto wa Kizungu waliokuwa wakiwatazama hazikuwa nao. Walikuwa Marasta pia. Katikati ya onyesho walishusha mwendo ghafla, wakapiga rege ya taratibu, kisha wakapanda tena. Mtu anayesema hadikoo ni muziki wa Wazungu wenye hasira awasikilize hawa kwanza. Wengi wa vijana walioanzisha bendi Washington walianza baada ya kuwaona.

Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1982, na ilitoka kwa kaseti tu. Nilipolisoma hilo nilisimama nikatembea chumbani. Nansio yetu ilikuwa ya kaseti. Redio ilitumia betri nne kubwa, na zikilegea tulizianika juu ya bati kutwa nzima ili tupate jioni moja zaidi ya muziki. Utepe ukimezwa, tuliuvuta nje polepole na kuuzungusha kwa kalamu ya Bic. Tulikuwa na kaseti za rege na za muziki wa Kongo, na bongofleva tulizorekodi redioni huku tukiombea mtangazaji asizungumze juu ya wimbo. Nikifikiri kwamba fulana ile ilivuka bahari ndani ya robota, na kwamba kaseti ya Bad Brains ingeweza kabisa kuingia kwenye chombo kile kile tulichokuwa nacho, naumia kidogo hata sasa. Tungeielewa.

Jambo la pili la kufafanua ni la fedha na kazi, na kwangu lina uzito kuliko sauti. Mwaka 1980 kulikuwa na bendi ya wanafunzi Washington iliyoitwa Teen Idles. Ian MacKaye alikuwa mpiga besi wao. Ilivunjika baada ya mwaka mmoja, ikiwa na akiba ndogo kutokana na malipo ya maonyesho. Wangeweza kugawana. Badala yake walitumia zile fedha kutengeneza sahani ya santuri ya nyimbo zao, wakaitoa kwa lebo, yaani kampuni ya rekodi, waliyoianzisha wenyewe, Dischord. Majalada waliyakata kwa mkasi, wakayakunja na kuyagundisha kwa gundi, moja moja. Lebo hiyo ipo hadi leo. Greg Ginn naye tangu utotoni alikuwa na biashara ndogo ya vifaa vya redio aliyoiita SST. Black Flag walipokosa wa kuwatolea sahani, jina hilo hilo likawa jina la lebo, na santuri yao ya kwanza ikatoka mapema 1979. Hawakusubiri kualikwa. Kumbi zikiwakataa, walipiga kwenye vyumba vya chini vya nyumba, kumbi za makanisa na za vyama vya maveterani. Wasafiri walilala sakafuni kwa wenyeji, kisha wenyeji wakienda kwao wakalala vivyo hivyo. Kwa njia hiyo muziki usiopigwa redioni ulienea bara zima.

Kijana wa mji mdogo ataliona hilo upesi kuliko wa jiji kubwa. Hermosa Beach si Los Angeles. Nansio si Mwanza. Katika sehemu kama hizo kila kitu kinatokea ng'ambo, na wewe unaambiwa usubiri meli.

Sisi hatukusubiri, lakini hatukuanzisha bendi. Tulikuwa na mchezo tuliouita honi ya pili. Meli ya Mwanza ilipiga honi ya kwanza ili wasindikizaji washuke. Sisi tulibaki, tumejificha kati ya matenga ya machungwa. Honi ya pili ilipolia na kamba zikafunguliwa, tulipanda kwenye kingo na kuruka majini, kisha tukaogelea hadi ufukweni. Aliyeruka wa mwisho, meli ikiwa imeshaanza kugeuka, ndiye mfalme hadi safari nyingine. Wazazi wetu walikuwa wamezika watu wa MV Bukoba, iliyozama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza, watu mamia kwa mamia. Mama yangu alikuwa hawezi kupita karibu na makaburi ya Igoma bila kunyamaza. Na mimi, mwanawe, nikiwa na miaka kumi na sita, nilikuwa najitupa kutoka kwenye meli ya abiria ili nionekane na wasichana wa pale gatini.

Agosti 2003 mtoto wa fundi baiskeli aliruka wa mwisho. Akachelewa. Mguu ulipiga gogo la zamani lililokuwa limezama kando ya gati, na mfupa wa chini ya goti ukavunjika. Tulimwona akizama, akaibuka, akaita, akataja majina yetu. Tulikuwa sita majini na nchi kavu. Tulikimbia. Waliomtoa ni wavuvi wa dagaa waliokuwa wakirekebisha nyavu. Walimlaza kwenye ubao, wakambeba hadi hospitali. Alifungwa hogo mguu mzima, na mpaka leo anachechemea. Nilikuwa nimevaa ile fulana ya mistari minne.

Naeleza hili kwa sababu lilinisaidia kuelewa sehemu ya hadikoo ambayo wageni huiogopa kuliko zote, yaani kile kinachotokea mbele ya jukwaa. Ukitazama video unaona vijana wanazunguka kwa kasi, wanagongana mabega, wengine wanapanda jukwaani na kujitupa juu ya vichwa vya wenzao. Inaonekana kama vita. Lakini walioingia mle wana sheria moja, haijaandikwa popote na kila mmoja anaijua: mtu akianguka, muinue. Papo hapo. Wimbo unaendelea, duara linaendelea, lakini pale alipoanguka mtu watu wanasimama, wanatanua mikono kuzuia wengine, wanamnyanyua. Anayejitupa kutoka jukwaani anajitupa kwa sababu anaamini kuna mikono. Sisi pale gatini tulikuwa na ujasiri ule ule wa kuruka. Hatukuwa na mikono.

Sitaki kuipamba hadithi. Sheria ilivunjwa, na mara nyingi. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 maonyesho ya Los Angeles yalijulikana kwa ngumi, na polisi walikuja na virungu kuwatawanya watazamaji wa Black Flag tena na tena. Walijipenyeza pia vijana waliovaa alama za Kinazi, kiasi kwamba Dead Kennedys wa San Francisco walitoa wimbo mzima mwaka 1981 wa kuwafukuza. Wasichana wengi walisukumwa hadi ukutani, wakabaki kushika makoti ya marafiki zao wa kiume. Muziki uliosema kila mtu apande jukwaani ulikuwa na jukwaa lililojaa wavulana. Hayo nayo ni sehemu ya ufafanuzi.

Kuna fundo moja zaidi, la pombe. Teen Idles walipokwenda California mwaka 1980, ukumbi mmoja wa San Francisco uliwaruhusu kuingia ingawa hawajafikia umri wa kunywa, kwa sharti kwamba wachorwe alama ya X nyeusi mgongoni mwa mkono ili wahudumu wa baa wasiwauzie. Walirudi Washington na wazo hilo, wakawashawishi wenye kumbi wakubali watoto kwa alama hiyo hiyo. Alama ya kuzuiwa ikageuka alama ya kujivunia. MacKaye, sasa akiwa mwimbaji wa Minor Threat, aliandika ule wimbo wa sekunde 46 kusema kwamba yeye hanywi wala havuti, na ana mambo bora ya kufanya. Alikuwa hajafikisha miaka 20. Alikuwa akijisemea mwenyewe. Wengine waliugeuza kuwa dini, na wapo waliofika mahali pa kuwapiga wanaokunywa. Lakini wazo la msingi lilinishangaza. Nilikua nikiona kijana mkaidi ni yule anayekunywa gongo nyuma ya soko, na baadaye kiroba cha plastiki kilichouzwa kila kioski kwa bei ya soda, hadi serikali ilipovipiga marufuku Machi 2017. Sikuwahi kufikiri kwamba kukataa kunywa kunaweza kuwa ukaidi wenyewe. Marafiki zangu wawili wa honi ya pili wangekuwa hai kama kuna mtu angetuambia hivyo kwa sauti ya juu na ngoma nyuma yake.

Je, haya yana uhusiano na ziwa letu, au ni mimi na fulana yangu? Mwaka fulani nilikwenda kwa mjomba Kisesa wakati wa sikukuu ya Bulabo, mwezi wa Juni, pale Bujora. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika, wanaoshindana kwa vizazi na vizazi. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, saa ile ile, kila kimoja upande wake, na hakuna jaji mezani. Watazamaji ndio wanaohama. Aliye na watu wengi kwake ameshinda. Kwa hiyo kila kundi linafanya lolote kuwavuta, wakiwemo wanaocheza na chatu shingoni. Nilimwona kijana wa rika langu, vumbi hadi kwenye nyusi, akirusha jembe juu na kulidaka bila kulitazama, na wazee nyuma yake wakiitikia. Hatari ile ilikuwa na watu wanaoisimamia. Nilikumbuka gati.

Na upande wa kaskazini wa ziwa, pale Jinja mto Nile unapoanzia, tangu 2015 kuna tamasha la Nyege Nyege, ambalo jina lake kwa Kiganda ni hamu isiyozuilika ya kucheza, ingawa kwa Kiswahili linasikika vingine. Lebo yake ya Kampala ndiyo iliyoipeleka singeli Ulaya. Ndiyo pia iliyotoa, mwaka 2020, albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka kwenye bendi za metali na panki za Kenya. Usimfikirie mnyama, kwa Kikikuyu duma ni giza. Sauti zao ni hadikoo iliyosukumwa hadi mwisho kabisa, imekutana na mashine za kasi ya singeli, na ilirekodiwa kando ya ziwa hili hili. Kwa hiyo hatuhitaji tena kusubiri robota.

Desemba iliyopita nilikuwa Nansio. Mtoto wa fundi baiskeli sasa ndiye fundi, kibanda kile kile, mwembe ule ule. Nilimwekea kwenye simu ule wimbo wa sekunde 46. Alisikiliza ameinama, spoki mkononi.

"Imeisha?"

"Imeisha, kaka."

"Rudisha."

Kisha nikamwonyesha video ya onyesho moja, ukumbi mdogo, taa mbovu. Kijana anajitupa kutoka jukwaani, watu wanakosea kumdaka, anapotea chini. Duara linafunguka. Anaibuka amenyanyuliwa, anacheka, puani anatoka damu. Fundi aliirudisha pale pale mwenyewe, kwa kifundo cha kidole kwa kuwa vidole vilikuwa na grisi. Akaitazama tena, akaisimamisha kijana alipokuwa hewani, akasogeza simu karibu na macho. Nilimsikia akihesabu mikono.